Viatu vya Mkunga

Ukitaka kumpata Mkunga ndani ya duka la mitumba, hukuwa na haja ya kumtafuta kwa macho. Ulisikiliza tu. Henga za chuma zilikuwa zikikwaruza bomba, kra, kra, kra, bila kituo, na mwisho wa safu ulimkuta amelishika koti la Mzungu asiyemjua, kaligeuza nje ndani, pua kaizamisha kwapani.

"Mtumba ununue kwa pua," alikuwa akiniambia. "Jicho hudanganywa na rangi. Kwapa halijui kusema uongo."

Nilikaa naye jengo moja kwa miaka mingi pale Tottenham, yeye chini kabisa, mimi ghorofa ya tatu. Sijui alizaliwa mwaka gani, na aliyewahi kumwuliza hakurudia. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu nilipohamia, na ulikuwa hamsini na kitu nilipohama. Wote tulimwita Mkunga kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya katika hospitali moja isiyo mbali na kwetu, na kwa sababu watoto wengi waliopiga mpira chini ya madirisha yetu ni yeye aliyewapokea duniani. Aliwakumbusha bila haya. Kijana wa ndevu akimletea ufidhuli kwenye lifti, alimtazama toka juu hadi chini akamwambia, "Weye! Mie nimekuona kabla ya mama yako." Kijana alitoka ghorofa isiyokuwa yake.

Majirani walidhani anatafuta koti la baridi. Laiti wangejua. Mkunga alikuwa akitafuta nguo za kutelezea kwenye theluji. Naliandika jambo hili polepole ili nieleweke: mwanamke wa Unguja, mwenye wajukuu, mwenye mtandio kichwani na goti linalolia kama mlango mbovu, alikuwa amekata shauri kurudi kwenye ule mchezo wa kujifunga mbao miguuni na kuporomoka mlimani.

Mimi ni wa Moshi. Nimekua nikiiona theluji ya Kilimanjaro kila asubuhi mawingu yakipisha, na hata siku moja sikutamani kuifuata kule juu. Kwetu ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, kama nyumba ya tajiri. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba sisi Wachagga hatuendi mahali pasipo na biashara, na tukaendelea kuchambua makoti.

Kisa chenyewe alinisimulia kwa vipande, tukiwa kwenye foleni au tukisubiri basi. Ujanani serikali ilimpeleka Bulgaria kusomea ukunga. Jumapili za baridi wanafunzi walipelekwa mlimani juu ya mji, wakapewa viatu vya ngozi na mbao za kutelezea, mbao hasa za mti, ndiyo maana hata zilipokuja kutengenezwa kwa vitu vingine yeye aliendelea kuziita mbao. Mwaka wa kwanza wasichana wa kule walimcheka mpaka wakakaa chini. Mwaka wa tatu hakuna aliyecheka, maana walikuwa wakiona mgongo wake tu. Kulikuwa na mteremko mmoja mrefu, ulioanzia juu kwenye misonobari ukaishia mlangoni pa nyumba ya chai. Katika majira yake ya mwisho, wiki chache kabla ya kurudi nyumbani, akaanguka katikati ya mteremko huo na kuvunjika mguu. Wakamfunga kwenye kitanda cha kuburuta, wakamfunika blanketi hadi usoni kwa ajili ya upepo, wakamteremsha. Watu waliokuwa njiani walikaa pembeni wakidhani ni maiti. Alirudi Unguja na magongo. Kisha ikaja ndoa, wakaja watoto, wodi, talaka, London.

"Mlima nliupanda kwa miguu yangu," aliniambia, "nkashushwa kama gunia la karafuu. Safari ile haijesha, mwanangu. Mie bado niko kule juu."

Basi hilo ndilo alilolitaka, moja tu: kuushuka mteremko uleule, kwa miguu yake, mpaka mlangoni pa nyumba ya chai, kabla goti halijamgomea. Daktari alishamwambia goti lile halina miaka mingi. Mimi nilikuwa na maneno ya kumkejeli kwa kila jambo alilolifanya, lakini siku ile aliponiambia "bado niko kule juu" nilinyamaza, na kwangu kunyamaza si jambo dogo.

Kuingia dukani akavalishwa vipya toka kichwani hadi miguuni hakuweza. Mshahara wake ulikuwa na miguu, ulishika njia ya Unguja kabla haujapoa, kwenye ada za wajukuu na nyumba isiyokwisha kujengwa. Akakusanya kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo, alisema, na gogo lake lilichukua miaka. Glavu alizipata Tottenham kwenyewe, kwenye kikapu cha vitu vya watoto. Akazivaa, akazamisha mikono kwenye beseni la maji na kungoja huku akinisimulia habari za mgonjwa mmoja, kisha akazivua na kunionyesha viganja vikavu. Suruali ya kuzuia maji aliipata kwenye duka la hisani huko Stanmore, kwa hoja kwamba wenye nazo hutupa vitu kabla havijachoka. Duka hilo lilikuwa na mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, akijitolea siku za Jumanne, na Mkunga alipogundua kwamba anajua Kiswahili, maskini yule mama hakupata raha tena.

"Bei imeandikwa hapo, dada," mama alimwambia.

"Imeandikwa na nani? Malaika?"

"Hii ni charity. Pesa zinaenda kwa watoto wagonjwa."

"Mie watoto nimewazalisha Unguja na London. Hao wagonjwa wamo na wangu. Punguza."

Yule mama alicheka hadi akavua miwani, na akapunguza. Tangu siku hiyo kila kilichonukia theluji alimwekea chini ya meza.

Lakini Mkunga huyohuyo, aliyeweza kubishania senti na duka la wagonjwa, alikuwa akimkuta mama mgeni kwenye jengo hana shuka, anamvulia lake kitandani. Alisali sala tano na hakukosa hata moja, na hapohapo aliwadanganya wenye mabasi ya safari za mbali kwamba ameshastaafu ili apate punguzo la wazee, yeye ambaye nyumbani hakukubali hata kuitwa bibi na asiye mjukuu wake. Nilipomuumbua alisema huo si uongo, ni kutangulia.

Kubwa kuliko yote, alikuwa anaogopa ngazi za umeme. Msidhani natania. Mtu aliyeota usiku na mchana kuporomoka mlimani, akifika kituo cha treni za chini anasimama mbele ya zile ngazi zinazotembea kama ng'ombe mbele ya daraja. Alinilazimisha kupanda mabasi mawili matatu kuvuka jiji lote, saa nzima na zaidi, ilhali treni ingetufikisha kabla hatujamaliza kugombana. Nilimwuliza kunani.

"Ngazi ile hainiulizi," alisema. "Nkikanyaga tu ishanichukua. Mie nshachukuliwa mara moja, inatosha."

Koti ndilo lililoleta kizaazaa. Alilipata zuri, la buluu, lenye mifuko ya siri na kola ya kuzuia upepo, limevaliwa kidogo tu. Sasa Mkunga alikuwa na desturi ya kwao: nguo yoyote iliyopita mwili wa mtu mwingine ilifuliwa, ikaanikwa, kisha ikafukizwa udi kabla haijapita mlango wa kabati lake. Alilitandaza koti juu ya kiti, akaweka chetezo chini, akaenda kusali. Kwa kanzu ya pamba hakuna neno. Lakini koti la mlimani ni plastiki mwanzo mwisho. Aliporudi, mgongoni palikuwa na tundu la ukubwa wa kisosi, kingo zimejikunja, na fleti nzima inanuka udi na mpira ulioungua. Alinigongea bomba la kipasha joto kwa mwiko, ndiyo ilikuwa simu yetu, nikashuka mbio nikidhani nyumba inaungua.

Nililia kwa kucheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alikata kipande cha kanga yake nyekundu, akakishona mara mbili, akakipaka gundi ya kuzibia mahema, akakimwagia maji na kungoja. Hakikuvuja. Toka siku hiyo ungeweza kumtambua kwa mgongo hata kwenye umati wa Oxford Street: buluu, na wekundu wa kanga katikati. Bintiye alipokuja Jumamosi akalinusa lile koti.

"Mum, you smell like a wedding."

"Vizuri. Na harusini nakwenda."

Bintiye alikuwa mtu wa benki, mpole, msafi, akisikia Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza. Jambo la mlima lilimtoa roho. Alinivuta kwenye korido.

"Auntie, please, talk to her. She'll listen to you. What if she breaks something?"

"Shikamoo kwanza," nilimwambia.

"Shikamoo, Auntie. Please."

Nikarudi ndani nikasema yale niliyotumwa: kwamba yeye ni mtu mzima, goti bovu, na mwana analia. Mkunga alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Mwambie mama yake ana miguu miwili na bado haijafa," alisema. "Ikifa ntamwita aje aizike."

Nje kidogo ya jiji, upande wa kaskazini, palikuwa na kilima cha kujifunzia kisicho na theluji hata chembe. Mteremko ulitandikwa mazulia ya plastiki yenye nywele ngumu kama brashi ya kusugulia masufuria, yakimwagiwa maji ili yateleze, na viatu na mbao ulikodishiwa hapohapo kwa saa. Alinipeleka huko kwa nguvu. Mimi nilianguka nikiwa bado nimesimama, nikabaki hapo nikichunwa mikono na brashi, nikiapa kwa mizimu ya kwetu. Kisha nikasikia sauti juu yangu.

"Kaa pembeni, mtu anashuka!"

Kwa Kiswahili, katikati ya Waingereza. Na Waingereza wakakaa pembeni, kila mmoja, maana ile ilikuwa sauti ya chumba cha kujifungulia na haikuhitaji tafsiri. Akapita. Goti bovu limekunjwa, mikono mbele kama amebeba sinia, mtandio umechomekwa ndani ya kofia ya sufu, kipande cha kanga kinang'aa mgongoni. Nilikuwa nimemwona akipanda ngazi za jengo letu hatua moja moja, ameshika ukuta. Mtu aliyenipita pale hakuwa na goti wala miaka. Nilisahau mikono yangu inatoka damu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alinifundisha akinyanyua kiuno changu. "Wewe umesimama kama mlingoti. Kunja magoti. Mlima haumpendi mwenye kiburi."

Sikurudi tena. Yeye alikwenda kila alipopata Jumapili ya mapumziko.

Vikabaki viatu. Viatu vya mchezo huu ni vigumu, vya plastiki nene, vinakubana mguu mpaka juu ya kifundo, na mtu yeyote anayejua atakwambia kwamba ukikosea viatu hata mbao za dhahabu hazitakusaidia. Alivitafuta kwa muda mrefu kuliko vyote. Alivipata asubuhi moja kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu huegesha magari uwanjani, wakafungua buti za nyuma za magari hayo na kuuza vyombo vya nyumbani. Vilikuwa chini ya meza ya mzee mmoja, ndani ya boksi lake la dukani. Vyeupe, vifungo vyekundu. Mzee alisema alimnunulia mkewe zamani, mke akabadili nia, vikakaa gereji hadi leo.

Mkunga alipiga magoti kwenye majani yenye umande. Akatazama soli: hazina mkwaruzo. Akaingiza pua: hakuna harufu ya mguu wa binadamu. Aliinua uso na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Yeyote aliyekulia kwenye mitumba ataielewa furaha ile. Kila siku unachambua vilivyochoka, halafu siku moja bahati inakuangukia mkononi na lebo yake, namba moja, haijaguswa. Hata mimi nilipiga vigelegele, na sikujali watu wanaotazama.

Akavifunga ndani ya kanga mpya akaviweka juu ya kabati. Havikushuka. Majira mawili ya baridi yalipita akisubiri likizo na nauli, na kila alipokwenda kwenye kilima cha plastiki alikodi vya pale, vilivyochakaa, vimevaliwa na miguu ya dunia nzima.

"Si uvae vyako?" nilimwuliza. "Au unamwekea nani?"

"Nguo ya Idi haivaliwi jikoni," alisema.

Nami niliona amesema kweli. Ndivyo tulivyolelewa wote. Kizuri huwekwa.

Aliondoka na basi la mbali kutoka kituo cha Victoria, siku mbili na zaidi za kukaa kitako, amebeba chapati, tende na viatu vyake. Aliporudi nilikwenda kumpokea. Alishuka wa mwisho. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo, na alipouweka kwenye benchi nilisikia vitu vinagongana kama vigae. Nikafungua. Vilikuwa viatu. Vipande vya viatu.

Tulikaa ghorofa ya juu ya basi la kwetu, siti ya mbele, mpaka tulipokwishaacha katikati ya jiji nyuma. Kisha akasema yote kwa sauti moja, bila kunitazama. Alifika. Mlima ulikuwepo, misonobari ileile. Alikodi mbao, akapanda kile kiti cha kwenye waya kinachopandisha watu mpaka juu kabisa, akafunga vifungo vyekundu, akasoma Bismillahi. Akapinda mara ya kwanza, akapinda mara ya pili, na kiatu cha kulia kikapasuka kama sahani. Kisha cha kushoto. Mtu wa uokoaji alimweleza kwamba plastiki ile ikikaa miaka mingi bila kutumika hukauka na kufa ndani kwa ndani, nje ikabaki inang'aa, na baridi ndiyo huimalizia.

"Akasema ningekuwa navivaa ningejua mapema," alisema. "Vile vya kukodi, vilivyotumika, ndivyo vizima. Mie nkachagua maiti kwa sababu ya usafi wake."

"Ukashukaje?"

"Walinifunga kwenye kitanda cha kuburuta. Kilekile. Nkiwa mzima, mwanangu! Sina hata mchubuko. Watu wakakaa pembeni."

Hapo akalia. Sikuwahi kumwona akilia, mwanamke yule. Basi lilisimama kwenye taa, likaenda, likasimama.

"Na mie je?" alisema baadaye. "Mie nimekaa gereji miaka mingapi?"

Nilikuwa na mzaha wangu tayari mdomoni, maana ndivyo nilivyo. Nikaumeza.

"Wewe hujakaa hata siku moja, Bi Mkunga," nilimwambia. "Wewe umetumika kila siku ya Mungu."

Alifuta uso kwa pembe ya mtandio, na tulipofika kwetu alibeba mfuko wake mwenyewe.

Miezi ikapita hakutaja theluji. Henga hazikulia. Bintiye alikuja na keki, na furaha yake niliiona nikaichukia kidogo, ingawa sikuwa na haki. Halafu siku moja ya majira ya kuchipua bomba la kipasha joto likagongwa. Nikashuka. Mkunga alikuwa amevaa koti la kiraka, na mlango uko wazi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Vaa viatu."

Tulikwenda katikati ya jiji, kwa mabasi kama ilivyo ada, kwenye duka la vifaa vya milima lililokuwa linafagia mali ya majira yaliyokwisha. Mkunga alikuwa ameshabadili sheria zake njiani: suruali ya mtumba, koti la mtumba, mbao za kukodi, viatu vipya. Alisema vitu vingine vyote vinaweza kuwa na historia, ila kinachoshika mguu kiwe na historia yako wewe. Kijana wa duka akamkalisha. Mkunga alikuwa amevaa soksi nene mbili, moja juu ya nyingine, akaambiwa azivue zote. Yule kijana akatoa bitana laini ya ndani, akabaki na gamba tupu la kiatu, akamwambia aingize mguu na kusogeza vidole mpaka vishike mbele. Kisha akaingiza vidole vyake nyuma ya kisigino kupima nafasi iliyobaki.

"Three," alisema. "Too big. I want one and a half, two at most."

Mkunga alimkazia macho.

"Unapima kwa vidole?" aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye duka. "Huyu kijana anapima kwa vidole, kama sie wodini!"

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kununua vitu, aliacha kubisha. Alinyoosha mguu kama mgonjwa mwenye imani. Alijaribu jozi baada ya jozi, akitembea huku na huko dukani kwa kishindo, na kila jozi kijana aliingiza vidole, Mkunga naye akaingiza vyake kuhakikisha, wakatazamana na kutikisa kichwa. Zilipopatikana zilikuwa mbaya, za kijani ya chura, ndiyo maana hazikuuzwa majira yote. Alizinunua. Kwa kiburi chake aliomba punguzo mlangoni, wakati ameshalipa.

Viatu hivyo havikuona juu ya kabati. Alivivaa akifua, alivivaa akitazama taarifa ya habari. Idi iliyofuata tulimkuta jikoni kwake amejifunga kanga, anakoroga sosi ya biriani, na miguuni viatu vya mlimani vya kijani, vifungo vimekazwa. Watoto wa jengo walijaa mlangoni kumtazama. Mimi nilimkumbusha ile methali yake ya nguo ya Idi.

"Ile ilikuwa ya wajinga," alisema. "Onja chumvi."

Nilihamia Hounslow baada ya hapo, kwa sababu nilipata kazi kwenye jiko la chakula cha ndege, na kutoka Tottenham kila siku ningekufa njiani. Tulibaki na simu. Simu za Mkunga zilikuwa fupi: goti linalia, mvua inanyesha, kilima cha plastiki kimepandisha bei, mimi nimenenepa kwa sauti. Kuonana ikawa nadra. Watu husema watatembeleana, na London ikawameza.

Kisha akapiga, majira ya baridi yanakaribia mwisho.

"Nakwenda," alisema. "Daktari anataka kunikata goti mwezi wa tano, aniwekee la chuma. Kabla hajanikata nakwenda. Nkirudi Jumapili usije kunipokea."

"Kwa nini nisije?"

"Ulikuja mara ile."

Nilielewa. Lakini nani humwambia Mchagga asije akakubali? Jumapili nilitoka Hounslow mapema, na treni ikakwama chini ya ardhi kwa sababu wanazozijua wenyewe, hata nilipofika Victoria basi lake lilikuwa limeingia zamani. Nilikuwa na mpango wangu: nipande juu, nitoke nje, nimkute kwenye kituo cha mabasi anakosubiri siku zote, amekaa juu ya begi. Nilitoka jukwaani mbio. Nilikuwa nimeshajiandaa maneno ya kumfariji, mazuri, niliyafanyia mazoezi tangu Hounslow.

Nilipofika chini ya ngazi za umeme nikainua macho.

Mwajua sheria ya ngazi zile. Anayesimama asimame kulia, kushoto ni kwa anayetembea. Umati ulikuwa umesimama kulia, umejaa, umechoka. Na upande wa kushoto, toka juu kabisa, palikuwa na mtu mmoja anateremka kwa miguu yake, hatua baada ya hatua, juu ya ngazi inayotembea. Koti la buluu. Magoti yamekunjwa kidogo. Mikono mbele kama amebeba sinia. Viatu vya kijani vya chura vimening'inia shingoni kwa kamba, na hata toka pale nilipokuwa niliona vimechubuka, vimekwaruzika ubavu mzima, vimetumika. Mtalii mmoja alikuwa amesimama kushoto na sanduku lake, amezuia njia.

"Kaa pembeni, mtu anashuka!"

Yule mtalii aliruka kulia na sanduku juu. Mkunga akapita. Hakushika mkono wa ngazi. Uso wake ulikuwa umeungua na jua la theluji, mweusi na unang'aa, na midomo imepasuka, na alikuwa anakuja moja kwa moja niliposimama mimi. Maneno yote niliyoyaandaa yalinitoka kichwani. Nilitupa mkoba, nikanyoosha mikono yote miwili kumpokea ngazi inapoishia, machozi yananitiririka kama mtoto.

"Nilikwambia usije," alisema bila kupunguza mwendo. "Kaa pembeni."

Nikakaa pembeni.